Siku tisa visiwani kutoka Dodoma: msihame kila usiku

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Kisasa, hapa Dodoma. Agosti ndoa yetu inatimiza miaka 20, na tumeweka akiba ya shilingi milioni 12 kwa mapumziko ya kifahari, kulala siku tisa, wawili tu bila watoto. Nataka tuzunguke Unguja, Mnemba, Chumbe, Pemba na Mafia, kila baada ya siku moja au mbili tuhamie kisiwa kingine. Mume wangu hajui kuogelea. Mimi huchafukwa nikipanda boti, ila natamani kuzamia na mtungi wa hewa angalau mara moja maishani. Biashara yangu ni kupikia mikutano, kwa hiyo kabla Bunge la bajeti halijaisha sitoki. Tusaidie kupanga.

Jibu: Hongera dada, na hongera kwa shemeji. Nitaanza na jibu lenyewe, sababu zitafuata. Chagueni vituo vikuu viwili, Mafia na Unguja. Isogezeni safari kutoka Agosti hadi katikati ya Oktoba. Pemba iacheni, inastahili safari yake yenyewe. Mnemba mkaogelee kando yake bila kulala pale. Visiwa vidogo mtavifikia kwa boti ya kutwa na kurudi jioni kwenye kitanda kilekile. Kwa mpango huo mtakanyaga Mafia, Chole, Juani, Unguja na Chumbe, yaani visiwa vitano kama ulivyotaka, bila kuishi ndani ya begi.

Hamahama ndiyo inayokula safari za visiwani, na picha za hoteli hazionyeshi hilo. Chumba unakiachia saa nne asubuhi, kipya unakabidhiwa saa nane mchana, na hapo katikati uko kwenye teksi, kwenye foleni ya bandari au kwenye kiti cha mapokezi ukilinda mabegi. Ukihama mara tano, umeitoa michana mitano kati ya tisa, na kila mara umelipa nauli, wapagazi na chakula cha njiani. Nawaona watu wanaorudi wamechoka kuliko walivyoondoka, na karibu wote ratiba yao ilikuwa ya namna hiyo.

Kuhusu fedha, milioni 12 ni hela nzuri na itawapa anasa ya kweli, ila si kila kisiwa kiko ndani ya uwezo huo. Mnemba yenyewe, kile kisiwa kidogo mbele ya Matemwe, kaskazini-mashariki mwa Unguja, kinatumiwa na hoteli moja peke yake yenye nyumba chache za makuti, na bei yake inazidi dola 1,000 kwa mtu mmoja kwa usiku mmoja. Kulala siku mbili tu kwa watu wawili kungeimaliza akiba yenu karibu yote. Kule Mafia nako kuna kisiwa cha Shungimbili, ambacho hukodishwa kizima kwa kundi moja kwa zaidi ya dola 10,000 kwa usiku. Hivyo viwekeni kando. Anasa nitakayowapangia ni ya aina nyingine: chumba kizuri kinachotazama maji, boti yenu wenyewe, chakula kilichovuliwa asubuhi hiyo, na muda wa kukaa.

Sasa Agosti. Upepo ndio unaotawala kila kitu huko, hata bei. Pwani yetu ina pepo kubwa mbili. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi na huja na joto. Kusi huvuma kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na kilele chake ni Juni, Julai na Agosti. Wewe unaijua kusi hata bila kuiona bahari: ule upepo mkavu unaopiga Dodoma miezi hiyo, unaoinua vumbi na kutuvalisha masweta asubuhi, ni mkondo huohuo wa hewa utokao kusini-mashariki. Tofauti ni kwamba kwetu huinua vumbi, kule huinua mawimbi. Kwa mtu anayechafukwa kama wewe, kuvuka mara tatu nne mwezi huo ni kujitafutia mateso, na mkondo wa Nungwi kati ya Unguja na Pemba ndio mgumu kuliko yote. Mabaharia wenyewe wanauheshimu. Ni kwenye njia hiyo ndipo MV Spice Islander ilipozama Septemba 2011.

Halafu Agosti ni likizo ya shule Ulaya. Hoteli zimejaa, bei iko juu, na kwenye matumbawe ya Mnemba boti zinapangana kama daladala pale Sabasaba. Mtalipa zaidi ili mpate pungufu.

Kusi inapolegea ndipo wapwani huita demani, na baadaye huja tanga mbili, upepo usipokuwa na upande maalumu. Oktoba inaangukia humo. Bahari inatulia, maji yanakuwa maangavu, mvua za vuli kwa kawaida bado, wageni wa Agosti wameshaondoka na wa Krismasi hawajafika. Na la maana zaidi kwa Mafia, papa potwe, wale papa wakubwa wenye madoa, wanaanza kuonekana. Msimu wao unakwenda takriban Oktoba hadi Februari. Kwa kazi yako pia inafaa, kwa sababu katikati ya Oktoba mara nyingi Dodoma iko kwenye pumzi kabla ya vikao vya Novemba. Agosti kateni keki nyumbani na watoto, piga picha, waite wasimamizi wenu wa ndoa. Safari ije miezi miwili baadaye.

Ukishaujua mwezi wa kalenda, angalia mwezi wa angani. Hili wakala wengi hawaliulizi, na ndilo linaloamua kama mtaogelea au mtatazama matope. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa mbali sana na kujaa sana; hiyo ni bamvua. Mwezi ukiwa nusu, maji hayaendi mbali wala hayapandi sana. Hayo ni maji mafu. Kwenye visiwa hivi tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hufika kama mita nne wima. Pwani ya mashariki ya Unguja, yaani Paje, Jambiani, Matemwe na jirani zake, ufuo ni wa kina kidogo, kwa hiyo bahari inaondoka kabisa mbele ya hoteli, unabaki na uwanda mrefu wa mchanga, nyasi za bahari na vidimbwi mpaka kule mawimbi yanakovunjikia. Siku za bamvua kupwa kunakuwa mishale ya saa nne asubuhi, na kujaa kunarudi kama saa kumi alasiri. Kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Mgeni asiyejua analalamika kwamba ameuziwa bahari isiyo na maji. Anayejua anavaa raba za majini saa tatu asubuhi, anashuka na akina mama wanaokwenda kwenye mashamba ya mwani, anatazama vigingi vilivyofungwa kamba, anaona viti vya pweza vyekundu, wale viumbe wenye umbo la nyota, kwenye vidimbwi (usiviinue juu kwa ajili ya picha, vinakufa), kisha saa kumi anaogelea mbele ya chumba chake. Raba ni lazima, dada. Kuna wanyama weusi wenye miiba mirefu kama sindano, na mwiba wao ukikatikia kwenye unyayo, siku mbili za safari zimekwenda.

Basi pangeni hivi: mfike Mafia mwezi ukikaribia nusu, siku nne za huko ziangukie maji mafu. Mikondo inakuwa dhaifu, jambo zuri kwa shemeji asiyejua kuogelea na kwako unayetaka kujifunza mtungi. Mkiwa Unguja maji yatakuwa yanaongezeka kuelekea bamvua. Tafuta kalenda yoyote inayoonyesha mwezi, au muulize shekhe yeyote wa mtaani kwenu tarehe ya Kiislamu: tarehe 7 na 8 au 21 na 22 ndiyo maji mafu, yakichelewa siku moja au mbili.

Njia sasa. Treni ya SGR ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024, ilibadilisha hesabu za safari kama hii kwa sisi watu wa kati. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa wakati huo ilikuwa shilingi 31,000, na mnafika Dar es Salaam kwa saa tatu na nusu hadi nne badala ya kuimaliza siku nzima kwenye basi. Ondokeni na treni ya mchana, mlale Dar. Usijaribu kuunganisha treni na ndege ya Mafia siku ileile. Ukiikosa, inayofuata inaweza kuwa kesho yake, na hoteli ya Mafia haikurudishii hela ya usiku ule.

Ndege za Mafia ni ndogo, nyingi ni Cessna Caravan zinazochukua watu kama 12, na safari ni nusu saa na ushee. Mzigo ni kilo 15 kwa mtu, begi liwe laini lisilo na fremu ngumu, kwa sababu linasukumwa kwenye tumbo la ndege. Masanduku ya magurudumu yaacheni Kisasa. Ipo pia boti kutoka Nyamisati, upande wa bara, hadi Kilindoni, Mafia, wenyeji ndiyo wanayoitumia na ni rahisi, lakini kwa tumbo lako hapana. Mchukue vitambulisho vya NIDA wote wawili, vitaombwa kwenye ndege na kwenye boti ya Unguja.

Mafia wengi hapa Dodoma hudhani iko Zanzibar. Ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, na hilo lina faida: hakuna msongamano wa kitalii, na kama Watanzania mtalipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kidogo sana kulinganisha na mgeni. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini. Hoteli nzuri ziko Utende, kwenye ghuba ya Chole. Ghuba hiyo imekingwa na visiwa vya Chole na Juani, kwa hiyo hata upepo ukiamka, ndani maji yanabaki yanavumilika. Ufuo wa Utende si ule mweupe wa kwenye kalenda. Una mikoko na wakati wa kupwa una matope. Nakwambia mapema usije ukavunjika moyo. Utajiri wa Mafia uko chini ya maji na kwenye visiwa vyake.

Kwenda Chole ni dakika chache kwa dau. Mnapanda mkiwa mmekunja suruali, viatu mkononi, maji ya magoti. Kisiwa ni kidogo, mnakizunguka kwa miguu asubuhi moja. Hapo ndipo palikuwa makao makuu ya utawala kabla hayajahamishiwa Kilindoni mwanzoni mwa karne ya 20, na magofu ya kipindi hicho bado yapo, mizizi ya miti imeshika kuta na kuzishikilia zisianguke. Juu ya miti mikubwa wananing'inia popo wakubwa wa matunda, mamia kwa mamia, mchana kweupe, wanajipepea kwa mbawa kwa sababu ya joto. Jioni wanaruka wote kuvuka ghuba kwenda kula. Mwombeni nahodha awasubirishe kwenye dau muda huo.

Juani kuna magofu ya Kua, mji wa Waswahili wenye misikiti na nyumba za mawe, ulioharibiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na wavamizi Wasakalava kutoka Madagaska. Ni mahali pa kwenda na mwenyeji wa kisiwa anayejua njia na hadithi zake. Mkipita vijijini, wewe jifunge khanga juu ya nguo za kuogelea na shemeji avae shati. Salamu kwanza, picha baadaye, na kwa ruhusa.

Papa potwe ndio watakaompa shemeji safari yake. Nimesisitiza Mafia kwa sababu yake yeye hasa. Potwe wa Mafia huja upande wa magharibi, karibu na Kilindoni, kufuata viumbe vidogo vya majini. Hawatafuni mtu, wanachuja chakula. Wengi wa hapo ni wadogo kwa kabila lao, mita tano hadi nane, na wanakula juujuu. Nahodha anaangalia ndege wanapojikusanya na dagaa wanapochemka juu ya maji, anazima mashine, mnasubiri. Kisha mgongo wa kijivu wenye madoa meupe unapita pembeni ya boti, mdomo umeachama upana wa mlango wa gari, maji yanaingia. Asiyejua kuogelea anaona yote hayo akiwa amekaa. Ukiingia majini, kaa umbali wa mita tatu, usiguse, usimkate njia, na boti ikianza kumfukuza mwambie nahodha aache. Ukiwa mteja una haki hiyo, na wao wanasikiliza mteja.

Hapo ndipo fedha yenu ifanye kazi. Badala ya kulipia chumba kikubwa zaidi, lipieni boti ya peke yenu kwa siku mbili, moja ya potwe na moja ya ghuba. Kwenye boti ya kuchangia, mtu mmoja akichoka wote mnarudi; na shemeji atakimbizwa aingie majini kwa sababu wenzake wanasubiri. Kabla ya kulipa uliza mambo haya kwa sauti: maboya ya kuvaa yapo mangapi na yanamtosha mtu mzima, kivuli kipo, mashine ni moja au mbili, mtandao wa simu unashika huko tunakokwenda, na nani anaamua kuahirisha upepo ukibadilika. Jibu la swali la mwisho liwe "nahodha". Wakikuambia "mteja ndiye anayeamua", tafuta boti nyingine.

Baada ya siku nne mnaruka kwenda Unguja, kwa kawaida kupitia Dar. Siku mbili za kwanza laleni Matemwe. Kutoka hapo Mnemba iko karibu, mnaweza kuwa majini mapema kabla boti za Nungwi hazijafika. Kuna ada ya kuingia eneo la hifadhi, ulizeni kama imo kwenye bei. Kisiwani hamtashuka, ila matumbawe yake ni ya kila mtu aliyelipa, na asubuhi ile ya mapema samaki wanakuwa wengi kuliko watu. Wakikuahidi kuogelea na pomboo, iwe Mnemba au Kizimkazi, mimi nakushauri ukatae. Nimeona boti nyingi zikiwazunguka wanyama wachache, watu wanarukia mbele yao, pomboo wanazama na kukimbia. Mkikutana nao njiani, watazameni wakipita.

Siku ya tatu nendeni Chumbe, mlale usiku mmoja. Ni kisiwa kidogo kusini mwa Mji Mkongwe, miamba yake imehifadhiwa tangu mwaka 1994, na kina nyumba saba tu za wageni. Umeme ni wa jua, maji ni ya mvua yanayokusanywa na paa lenyewe, kiyoyozi hakuna, choo ni cha mboji. Najua umesema kifahari, na pengine mtu atakuambia hiyo ni kambi. Lakini kuvua ni marufuku, kuzamia na mtungi ni marufuku, wageni ni wachache, na matumbawe yako karibu na nchi kavu, kina kidogo, kiasi kwamba shemeji akiwa amevaa boya na kushika mkono wa mwongozaji anaweza kuona bustani nzima akiwa anaelea. Usiku mnatoka na tochi kutafuta kaa wakubwa wapandao miti. Kuna mnara wa taa wa mwaka 1904, pandeni jua likielekea kuzama. Kwa fedha ileile ungeweza kupata hoteli kubwa yenye mabwawa matatu, na bwawa tunalo hata Dodoma. Miamba kama ile hatuna.

Usiku wa mwisho uwe Mji Mkongwe. Huko sitakupangia sana: tembeeni vichochoroni, kuleni urojo, kaeni Forodhani. Kesho yake boti ya asubuhi kwenda Dar, mwendo wa saa mbili hivi, na treni ya jioni. Kwenye boti kaa chini, katikati kuelekea nyuma, mahali pasiporuka sana. Dawa ya kichefuchefu meza saa moja kabla, si ukishaanza kuumwa. Kula kitu kikavu kidogo. Na usitazame simu. Muulize mfamasia dawa inayokufaa kabla hujaondoka Dodoma. Ukiona bado unaogopa, ndege ya Unguja hadi Dar ni kama dakika 20, na kwenye bajeti yenu inaingia.

Pemba nimeiondoa kwa masikitiko, maana naipenda. Ni kisiwa cha vilima na mikarafuu, kina msitu wa Ngezi, kina kisiwa cha Misali, na bahari yake inashuka ghafla kwenye kina kirefu. Kule Kigomasha kipo hata chumba kinachoelea ambacho kitanda chake kiko chini ya maji, samaki wanapita dirishani. Lakini Pemba inataka siku nne kwa uchache, na wageni wake bora ni waliokwisha kuzoea maji. Shemeji akishajua kuelea, mwende.

Kuhusu kuelea, msisubiri mpaka Mafia. Mna miezi kadhaa. Hoteli kadhaa hapa mjini zina mabwawa yanayopokea watu wa nje. Mpeleke mara chache Jumapili asubuhi watu wakiwa wachache. Lengo si kuogelea masafa, ni kulala kifudifudi uso ukiwa majini na kupumua kwa mrija bila hofu. Watu wa bara wengi hawashindwi na maji, wanashindwa na kupumulia mdomoni pua ikiwa imefungwa. Nunueni miwani yenu ya kuzamia, msitegemee ya kuazima. Namna ya kuijaribu dukani: iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kwa pua, achia mkono. Ikishika yenyewe, inakutosha. Ikianguka, hata ukiikaza mkanda itavuja. Shemeji akiwa na masharubu maji yataingia kwa juu ya mdomo, apake mafuta ya mgando kidogo pale au anyoe kabla ya safari.

Ikiwa Agosti ni lazima, mpango unabadilika. Laleni Kendwa au Nungwi siku tano, upande wa magharibi ambako kusi haipigi moja kwa moja na maji hayaondoki mbali kwenye kupwa, kisha Chumbe na Mji Mkongwe. Potwe msiwatarajie. Badala yake miezi hiyo nyangumi hupita pwani yetu, na Juani vifaranga vya kasa huwa bado wanatoka mchangani kwenda baharini, mkiamua kuongeza Mafia kwa ndege. Mkate tiketi mapema sana, na mlipie kwa bei ya mkazi. Hoteli nyingi zina bei hiyo na hazikutajii usipouliza. Uliza pia kama VAT na tozo za kila usiku zimo ndani, na kama chakula ni cha kutwa au kifungua kinywa peke yake. Chumbe hakuna mgahawa mwingine wa kukimbilia.

Mwisho, mtungi wako. Mzamio wa kwanza wa majaribio unafanywa na mwalimu, unajibu fomu ya afya kwanza, na kama una pumu, shinikizo la damu au ujauzito, sema ukweli na umwone daktari hapa kabla ya safari. Ukizamia, mwili unahifadhi naitrojeni inayohitaji muda kutoka, kwa hiyo hupandi ndege mpaka saa 24 zipite. Sasa kuna jambo ambalo watu wa Dodoma wanalisahau: mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Kwa mzamiaji huo ni mwinuko tosha, hata ukija kwa treni. Aliyezamia asubuhi Unguja na kupanda SGR jioni amejiweka hatarini bila kukanyaga uwanja wa ndege. Ndiyo maana mtungi nimeuweka Mafia, siku yenu ya pili pale, ndani ya ghuba, maji mafu, siku mbili kamili kabla ya ndege. Upepo ukiharibu siku hiyo, mnayo ya tatu kama akiba. Ikiharibika na hiyo, usizamie siku ya nne kabla ya kuruka hata mwalimu akikubali. Vaa miwani na mrija, muelee na shemeji.